Chile ilidai asilimia 10 ya anga, siye tunadai nini?

Ndugu wasomaji, mutusamehe. Kwenye ukurasa huu tumezoea kuwaletea mambo ya mishahara, ya kontra za miezi mitatu mitatu, ya vumbi la usine na ya primu ambazo hazifiki. Leo tunaleta habari ya nyota. Lakini mukisoma mpaka chini mutaona kwamba hatukutoka mbali na njia yetu.

Habari yenyewe ilitangazwa mwezi wa tatu mwaka 2025. Timu mbili za wachunguzi wa nyota, moja ya Leiden kule Uholanzi na nyingine ya Pisa kule Italia, zilisema zimekuta oksijeni ndani ya galaksi inayoitwa JADES-GS-z14-0. Wakati ule ndiyo ilikuwa galaksi ya mbali kuliko zote ambazo umbali wao ulikuwa umehakikishwa. Nuru yake ilikaa njiani zaidi ya miaka miliari 13. Maana yake, tunaiona vile ilivyokuwa wakati ulimwengu wote ulikuwa haujatimiza miaka milioni 300 tangu kuanza.

Delege mmoja wetu alisoma habari ile kwa sauti wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, simu mkononi. Watu wakacheka. Mmoja akasema: "Siye huku chini ya udongo oksijeni inatupunguka, na bale banaenda kuitafuta mu nyota?" Kicheko kikazidi. Lakini fundi mmoja wa umeme, mtu wa maneno machache, akauliza swali lingine: "Na ile masini yenye iliona, nani anaitengeneza ikiharibika?" Swali lile njo lilitufanya tuchukue kalamu.

Tuanze na namna wanavyoona. Wengi wetu tunafikiri mchunguzi wa nyota ni mzee mmoja anayeweka jicho kwenye bomba na kuangalia usiku kucha. Kazi ya namna hiyo iliisha zamani. Wakati wa kiangazi, umeme ukikatika mtaani, kila mtu wa Katanga ameona ule mustari mweupe unaopita katikati ya anga. Ule mustari ni galaksi yetu wenyewe, tunaiona tukiwa ndani yake: jua letu ni moja tu kati ya nyota miliari mia na zaidi zilizokusanyika pamoja. Nje ya galaksi yetu kuko zingine, nyingi mno, na za mbali zaidi jicho haliwezi kuzifikia hata ungepanda juu ya mlima gani. Kinachofika kwetu kutoka kule ni nuru kidogo sana. Hakuna mtu atakayekwenda kuleta sampuli. Kwa hiyo kazi yote ni kuhoji ile nuru kidogo mpaka iseme.

Na nuru inasema. Watu wa fonderi wanajua jambo hili bila kufundishwa: ukiona moto unageuka kijani, shaba imo. Kila kitu kikipata joto au kikichokozwa kinatoa nuru ya rangi zake, na rangi zile hazifanani na za kitu kingine, sawa vile alama za vidole vya mtu. Wachimbaji wa mkono nao wanajua ile masini ndogo kama bastola ambayo mnunuzi anaielekeza kwenye mfuko wa heterojeniti, halafu inatoa namba ya kobalti na namba ya shaba. Ugomvi juu ya namba ile ni habari nyingine, tutairudilia siku moja. Lakini namna inavyofanya kazi ni ileile: inachokoza jiwe, jiwe linajibu kwa miali yake, masini inasoma jibu. Mchunguzi wa nyota anafanya hivyo bila kuchokoza. Anangojea nuru ifike, anaipasua rangi kwa rangi, anatafuta alama anazozijua.

Sasa kuko shida moja, na ile shida njo inawapa jibu kubwa zaidi. Ulimwengu unatanuka. Nuru inapokuwa njiani, nafasi yenyewe inavutika, na mawimbi ya nuru yanavutika nayo, kama mustari uliochorwa juu ya mpira wa kuvuta. Oksijeni ya galaksi ile ilitoa miali ambayo wimbi lake lilikuwa na urefu wa milimetri 0,088. Ilipofika hapa duniani, wimbi lilikuwa milimetri 1,34. Muhesabu wenyewe: limerefuka karibu mara 15. Alama ni ileile ya oksijeni, ila imesukumwa mbali na mahali pake, na kiasi ilichosukumwa kinaonyesha nuru imetoka mbali kiasi gani. Umbali wa galaksi ile umejulikana kwa namna hiyo, na kosa lililobaki ni dogo sana: ni kama kupima kilometri moja na kukosea sentimetri tano. Wapimaji wetu wa migodi wangefurahi.

Galaksi yenyewe ilikuwa imeonwa kwanza na darubini James Webb, iliyoko angani kilometri milioni moja na nusu kutoka hapa, yenye kioo cha upana wa metri 6,5. Webb inaona nuru ya joto ambayo macho yetu hayaoni. Ilionyesha kwamba galaksi ipo na kwamba iko mbali sana. Lakini kwa kupata alama ya oksijeni waziwazi ilihitajika masini nyingine, ya kushika mawimbi ya milimetri moja hivi. Mawimbi yale yana adui mmoja: maji. Mvuke wa maji katika hewa unayameza kabla hayajafika chini. Ukiweka antena hapa kwetu mwezi wa kwanza, mvua za kila siku, hutapata kitu. Inabidi upande juu sana, tena mahali pakavu sana.

Mahali pale pako Chile, katika jangwa la Atacama, kwenye uwanda wa Chajnantor, metri 5.000 juu ya bahari. Lubumbashi iko kwenye metri 1.200 na kidogo, kwa hiyo piga hesabu ya mara nne. Pale kuko antena 66, zingine za upana wa metri 12, zingine za metri 7, na moja kubwa inapita tani 100. Zote pamoja zinaitwa ALMA. Hazikai mahali pamoja siku zote. Kuko magari mawili makubwa ya matairi mengi, yanayobeba antena moja moja na kuzipanga upya, mara karibukaribu, mara kwa kuziachanisha mpaka kilometri 16. Kila antena inashika wimbi lilelile kwa dakika yake, mashauri yote yanakutanishwa ndani ya kompyuta moja iliyojengwa kwa kazi hiyo tu, na antena 66 zinakuwa jicho moja. Vipokezi vilivyo ndani ya antena vinapozwa mpaka digri 269 chini ya sifuri, kwa sababu joto lolote lingefunika sauti ndogo ile inayotoka mbali.

Walipotega sikio, walikuta kitu ambacho hawakukingojea. Oksijeni haikuwepo wakati ulimwengu ulipoanza. Inapikwa ndani ya nyota, na nyota zikifa inamwagika nje. Kwa hiyo galaksi changa namna ile ilipaswa kuwa na vitu hivyo kidogo sana. Kumbe ilikuwa navyo karibu mara kumi kuliko walivyotazamia. Mchunguzi mmoja aliifananisha na kukuta kijana wa miaka kumi na kitu mahali unapongojea kuona watoto wachanga tu. Nyota za kwanza zilizaliwa na kufa haraka kuliko vitabu vilivyosema, na sasa vitabu vinaandikwa upya. Hata shaba na kobalti tunayochimba ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuzaliwa. Sisi tunaopiga nyundo tunagusa mabaki ya jambo lilelile ambalo wale wanaliangalia kwa mbali.

Hapo tunarudi kwa swali la fundi wa umeme.

Antena ya tani 100 haijibebi. Vipokezi vya baridi vile vinaharibika, vinatolewa, vinatengenezwa, vinarudishwa. Kule kwenye metri 5.000 hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, mtu anapanda na chupa ya oksijeni, kichwa kinauma, mikono inakuwa mizito. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wengi wanalala na kufanya kazi kwenye kituo cha chini kidogo, metri 2.900, mbali na jamaa zao, kwa zamu za siku nyingi mfululizo. Madreva, mafundi wa umeme, wapishi, watu wa baridi, watu wa kompyuta: hao njo wanaoifanya ALMA ione.

ALMA ilifunguliwa kwa sherehe kubwa tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2013. Tarehe 22 mwezi wa nane mwaka huohuo wafanyakazi wake walifanya greve. Karibu watu 200 wa sindika waliacha kazi. Walidai mshahara, walidai zamu zipunguzwe uzito, walidai kazi ya kule juu ihesabiwe vile inavyopaswa. Aliyewaajiri alikuwa shirika la Marekani, AUI, ambalo linaandika kontra za wafanyakazi wa Chile. Siku 17 antena hazikuchunguza kitu. Nuru ya galaksi za mbali, iliyokuwa njiani miaka miliari na miliari, ilifika Chajnantor na kukuta mlango umefungwa. Kuko watu waliosema ni aibu, kwamba sayansi ni ya binadamu wote na haipaswi kuguswa na ugomvi wa mishahara. Sisi tunaona kinyume. Greve ile ilionyesha kwa siku 17 jambo ambalo matangazo ya sayansi hayasemi: kwamba bila dreva na fundi hakuna galaksi. Walirudi kazini na mapatano mapya, na zamu zao na kazi ya kule juu ziliguswa.

Si jambo jipya katika kazi hii. Zamani kidogo, kule Marekani, mama mmoja anayeitwa Henrietta Leavitt alikuwa analipwa senti 30 kwa saa kuhesabu nyota juu ya vioo vya picha kule Harvard, na mwaka 1912 yeye ndiye aliyetoa njia ya kupima umbali wa nyota ambazo mwangaza wao unapanda na kushuka. Ni njia hiyo iliyomwezesha Edwin Hubble kujua kwamba kuko galaksi nyingine nje ya yetu. Lakini anayetupendeza zaidi ni Milton Humason. Huyu aliacha shule akiwa na miaka 14. Kazi yake ilikuwa kuongoza nyumbu waliobeba vifaa vya kujengea juu ya mlima Mount Wilson, California. Mwaka 1917 akapata kazi ya kusafisha jengo la darubini. Usiku akawa anawasaidia wachunguzi kuendesha masini, na wakaona mkono wake ni mtulivu kuliko wa madokta wao. Miaka miwili baadaye wakamwingiza katika kazi ya uchunguzi. Humason alipima galaksi kwa mamia. Zingine zilikuwa hafifu hivi kwamba alikaa kwenye baridi usiku mwingi kwa ajili ya picha moja tu, darubini ikifuata alama ileile bila kuteleza. Watu wanalitaja jina la Hubble. Vipimo vingi vilivyoonyesha kwamba galaksi zinakimbiana vilitoka kwa mkono wa mtu wa nyumbu. Sisi tuliofika sekondari tu tukaishia pale, tunamsalimu.

Sasa asilimia 10 tuliyoitaja kwenye kichwa cha habari. Watu wa Ulaya, kupitia shirika lao la ESO, walitia sahihi mkataba wa kwanza na Chile mwaka 1963. Walipewa milima, walipewa anga safi kuliko mahali pengi duniani. Kwa miaka mingi wachunguzi wa Chile hawakuwa na sehemu iliyoandikwa kwa ajili yao. Miaka ya 1990, wakati darubini kubwa za Paranal zilipokuwa zinajengwa, Chile ilikaza. Mwaka 1995 mapatano mapya yalitiwa sahihi: asilimia 10 ya saa za uchunguzi ziwe za wachunguzi wa taasisi za Chile. Na karatasi hiyohiyo, jambo ambalo wengi hawalijui, iligusa haki ya wafanyakazi wa Chile kuwa na sindika na kujadiliana kwa pamoja. Saa za nyota na haki za fundi ziliandikwa pamoja. ALMA ilipokuja, sehemu ya asilimia 10 ilikuwa tayari ni desturi.

Muangalie vizuri asilimia 10 ile. Si pesa. Ni saa za usiku. Saa za usiku haziliwi, haziibwi, haziwekwi kwenye konti ya mtu. Zinatumika tu ikiwa una watu wanaojua kuuliza swali. Kwa hiyo Chile ililazimika kufungua vyuo, kufundisha vijana, kuwapeleka na kuwarudisha. Leo ni nchi yenye wachunguzi wake, na migodi yake inaendelea kuwa ya kwanza duniani kwa shaba.

Siye tumefika wa pili kwa shaba. Kwa kobalti hakuna anayetukaribia. Na sisi tunayo asilimia 10 yetu: sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 iliinua sehemu ya bure ya Serikali ndani ya kampuni mpya kutoka asilimia 5 mpaka 10. Tena kuko asilimia 0,3 ya mauzo kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Hatusemi ni vibaya. Tulipigania sheria ile, na kuko mahali pompi za maji na shule zimejengwa. Lakini asilimia yetu ni ya karatasi na ya makuta, na makuta yana njia zake za kupotea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kampuni italeta masini na pia itaacha mtu wetu anayeijua mpaka ndani.

Kazini kwetu, hatutaji ni wapi, masini ya kupima madini ikifa tunangojea fundi atoke ng'ambo kwa ndege. Safari iliyopita majuma yalipita. Watu wakapelekwa konje tekniki, na konje tekniki kila mtu anajua inalipa nini. Fundi alipokuja alikaa siku mbili, akabadilisha kipande kimoja, akaenda. Vijana wetu walisimama nyuma yake, hawakuruhusiwa kugusa.

Mutasema, Kongo na nyota wapi na wapi. Lakini jirani yetu Zambia, mtu wa Kasumbalesa anaiona akisimama mlangoni, iko katika orodha ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika ya Kusini katika kazi ya darubini kubwa ya redio inayojengwa kule Karoo. Ghana nayo imo. Ilichukua antena yake ya zamani ya simu, ya upana wa metri 32, iliyokuwa imeachwa, na mwaka 2017 ikaigeuza kuwa darubini ya redio. Mafundi wake walijifunzia pale, juu ya kutu. Kongo haiko katika orodha ile. Antena za zamani zilizolala tunazo, na vijana wenye mayele hatukuwahi kukosa.

Konvansio mpya inakaribia kujadiliwa. Ndani ya sindika tumeandika kifungu kimoja: kila mwaka mwajiri alipe masomo ya vijana kadhaa, watoto wa wafanyakazi, katika fizikia, elektroniki na utengenezaji wa vyombo vya kupima, na kila fundi anayekuja kutoka nje afanye kazi na wawili wetu wakishika vyombo, si wakiangalia. Kifungu kile kimetugawanya. Mama mmoja wa kantini, ambaye hatuwezi kumlaumu, alisimama katika kikao akasema: "Mutuletee kwanza mufuko ya bunga. Nyota itakuya kisha." Watu wengi walimpigia makofi, na hata sisi tuliokiandika tulipiga. Mfuko wa unga umepanda bei, mshahara haukupanda. Mwajiri naye, tunamjua, atatwambia tuchague kimoja.

Wenzetu wa Chile hawakuchagua kimoja, lakini wao walikuwa na kitu ambacho hakiwezi kuhamishwa: anga lile haliko mahali pengine. Na sisi, kobalti hii iko wapi pengine kwa wingi namna hii? Hilo njo swali tutakalopeleka mezani. Kikao cha kupiga kura juu ya kifungu kitafanyika zamu ya asubuhi ikitoka. Fundi wa umeme ameomba aseme wa kwanza, kabla ya mama wa kantini.